Mabingwa wa Lugogo, Wageni wa Cairo

Kati ya 2013 na 2022, kila msimu wa ligi ya taifa ya mpira wa kikapu nchini Uganda uliofika mwisho uliishia mikononi mwa City Oilers. Walitwaa mataji saba mfululizo hadi 2019, korona ikaifungia ligi miaka miwili, na milango ilipofunguliwa 2022 wakachukua la nane kana kwamba hakukuwa na kilichotokea. Ilifika mahali shabiki wa Kampala hakuuliza tena nani atakuwa bingwa, aliuliza nani atafungwa na Oilers kwenye fainali.

Aprili 2023 timu hiyohiyo ilipanda ndege kwenda Cairo kucheza msimu wake wa kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL. Hakuna klabu ya Uganda iliyokuwa imefika huko kabla yake. Ilipangwa katika kanda iliyopewa jina la Nile, pamoja na Al Ahly ya Misri, Petro de Luanda ya Angola, Cape Town Tigers ya Afrika Kusini, Ferroviário da Beira ya Msumbiji na SLAC ya Guinea. Timu nne kati ya sita zilisonga mbele kwenda Kigali kwenye mchujo, na Oilers hawakuwamo. Mwaka uliofuata walirudi Cairo na kuwakuta Al Ahly wawili, wa Misri na wa Libya, pamoja na Bangui Sporting Club ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wakatolewa tena katika makundi. Vijana waliotoka Nile inakoanzia wakaaga mashindano mara mbili karibu na inakoishia.

Inakuwaje timu isiyoshikika nyumbani ishindwe hata kuvuka makundi ugenini? Majibu ya haraka hayakosekani: hawana fedha, hawana watu warefu, hawana ukumbi, walipangiwa kundi gumu. Kila jibu lina ukweli wake na linastahili kupimwa. Lakini ukiyapima yote utaona yanarudi kwenye jambo moja. Oilers walifika Cairo wakiwa wameshapungukiwa, na upungufu huo waliutoa nyumbani, kwenye misimu iliyowapa vikombe vingi na mechi ngumu chache.

Njia ya kufika

Tuanze na msimu wenyewe ulivyo. BAL ni mradi wa pamoja wa NBA na FIBA. Ulitangazwa 2019, korona ikauchelewesha, na msimu wa kwanza ukachezwa Kigali mwezi Mei 2021. Tangu mwanzo milango ya kuingilia haikuwa sawa kwa wote. Msimu huo wa kwanza, mabingwa wa nchi zenye mizizi mirefu katika mchezo huu, yaani Misri, Angola, Tunisia, Senegali, Morocco na Nigeria, waliingia moja kwa moja. Waliobaki, bingwa wa Uganda akiwamo, walitakiwa kupigania nafasi katika mashindano ya kufuzu. Oilers waliipata yao Novemba 2022 mjini Johannesburg, walipochukua tiketi ya tatu na ya mwisho ya ukanda wa mashariki. Mbili nyingine zilikwenda kwa Cape Town Tigers na Ferroviário da Beira.

Kwa hiyo msimu wa mchezaji wa Oilers ni misimu mitatu iliyounganishwa. Kuna ligi ya nyumbani na mchujo wake, ambao fainali yake ni mfululizo wa michezo saba. Kuna kufuzu, kunakofuata muda mfupi baada ya kombe la nyumbani, miguu ikiwa bado mizito. Kisha kuna BAL yenyewe, miezi kadhaa baadaye. Kasoro inaanzia katika pengo hilo la mwisho. Katika miezi ya mwanzo wa mwaka, ambapo timu inapaswa kuwa kwenye makali yake, ligi ya Kampala huwa imelala au ndiyo kwanza inaamka. Al Ahly kwa wakati huo wako katikati ya msimu wa Misri, wametoka kupimana nguvu na Zamalek na Al Ittihad ya Alexandria. Petro wanaye Primeiro de Agosto, jirani na hasimu wao wa Luanda, ambaye hajawahi kuwapa usingizi wa raha. Zoezi la mazoezini haliwezi kuchukua nafasi ya mechi unayoweza kuipoteza.

Ni kweli pia kwamba makundi yenyewe yalikuwa makali. Al Ahly ndio waliotwaa ubingwa wa 2023 kwa kuifunga AS Douanes ya Senegali pointi 80 kwa 65. Petro ndio waliotwaa ule wa 2024 kwa kuifunga Al Ahly ya Libya 107 kwa 94. Maana yake, katika safari ya kwanza Oilers walikutana na bingwa wa mwaka ule na bingwa wa mwaka uliofuata. Katika safari ya pili walikutana na bingwa mtetezi na timu iliyokuja kucheza fainali. Anayewacheka vijana wa Kampala kwa matokeo yao ayakumbuke hayo kwanza. Hata hivyo, kundi gumu linaeleza kwa nini hawakuwa wa kwanza. Halitoshi kueleza kwa nini hawakuwa hata miongoni mwa wanne kati ya sita.

Dakika 200

Mchezo wa kikapu chini ya sheria za FIBA ni robo nne za dakika kumi, na kila timu ina watu watano uwanjani. Zidisha, unapata dakika 200 za kugawa kila usiku. Ukitaka kuijua timu, angalia dakika hizo zinakwenda kwa nani.

Kanuni za BAL zinaruhusu kila klabu kuwa na wachezaji wachache wa kigeni, na kati yao wawili tu wanaweza kutoka nje ya Afrika. Kwa timu ya Kampala wageni hao ndio tegemeo la kufunga. Aghalabu huwasili wiki chache kabla ya mashindano, wakajifunza mifumo ya kocha, majina ya wenzao na hali ya hewa kwa pamoja. Mgeni mzuri anaweza kukaa uwanjani dakika 30 au zaidi. Wakiwa wanne wa namna hiyo, wamekula zaidi ya nusu ya dakika zote za timu. Zinazobaki ndizo za wenyeji, na humo ndimo mechi nyingi huamuliwa: pale mgeni anapokaa benchi na faulo nne, au robo ya tatu inapoanza na mpinzani akaanza kukaba uwanja mzima.

Wenyeji wa Oilers hawakuwa watu wa kubahatisha. Nahodha Jimmy Enabu alikuwa pia nahodha wa timu ya taifa, mtu aliyebeba mataji ya klabu hiyo mgongoni kwa miaka. Tony Drileba ni mfungaji ambaye ukumbi mzima wa Lugogo, nyumbani kwa ligi hapa Kampala, humsimamia anapotupa kutoka mbali. Kocha Mandy Juruni amewahi kuifundisha timu ya taifa na anawajua wachezaji wa nchi hii kwa jina na kwa tabia. Lakini mwili na akili ya mchezaji hufuata kazi wanayopewa kila wiki. Timu inayoongoza kwa pointi 20 kufikia mapumziko hupumzisha nyota wake, hujaribu vijana na kumaliza mchezo ikitembea. Haijifunzi kucheza dakika mbili za mwisho mambo yakiwa sare, kwa kuwa dakika hizo kwake hutokea mara chache kwa mwaka. Huko Cairo zinatokea kila siku ya pili.

Ndiyo maana hoja ya urefu haishibishi. Warefu wanasaidia, hakuna ubishi. Lakini senta mrefu aliyezoea kuchukua rebaundi bila kusukumwa hufika Cairo akagundua kwamba mpira unagombewa kwa kiuno na mabega kabla haujaanguka. Hilo halifundishwi kwa maneno, linazoeleka kwa kusukumwa.

Mfadhili mmoja, mlango mmoja

Fedha nazo tuziweke mezani. City Oilers ni jina la kampuni ya mafuta, City Oil, na nyuma yake yupo mfanyabiashara Mohammed Santur, aliyeifadhili klabu kwa miaka mingi na kuipa utulivu ambao wengine hawakuwa nao. Pasipo yeye hakuna mataji hayo, wala hakuna Cairo. Tazama sasa klabu zilizokuwa zikishindana na Oilers. UCU Canons ni timu ya Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono. KIU Titans ni ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala. Ndejje nao ni chuo. Tomahawks ni wa jeshi. Namuwongo Blazers wamebeba jina la mtaa. Hizi ni taasisi zenye heshima, lakini timu ya chuo hupoteza mchezaji anapohitimu, na timu ya mtaa hupoteza mchezaji mwenye tajiri anapomwita.

Hakuna klabu ya Uganda inayoweza kuishi kwa mapato ya mlangoni. Kwa hiyo mwenye mfadhili anayedumu hukusanya wachezaji bora, na akishawakusanya hushinda, na akishinda huvutia wengine. Si dhambi ya Oilers. Wamefanya kile ambacho kila klabu ingefanya ikipata nafasi. Ila kwa ligi nzima matokeo yake ni kwamba ubora wote wa nchi ulikaa upande mmoja wa uwanja, na upande wa pili ukabaki wa kufanyia mazoezi.

Rwanda inatupa kipimo cha kulinganisha. Klabu zake kubwa nazo haziishi kwa tiketi: REG ni ya shirika la umeme, APR ni ya jeshi, na Patriots ina wafadhili wake. Tofauti ni kwamba Rwanda ilikuwa na milango mitatu ya fedha badala ya mmoja. Kati ya 2020 na 2023 taji la nchi lilipita kwa Patriots, kisha REG, kisha APR. Kila mmoja alimlazimisha mwenzake kusajili, kufikiri na kujinoa. Patriots walifika nusu fainali ya BAL mwaka 2021, na APR wakafika nusu fainali 2025. Ni kweli walikuwa na faida ya kuwa wenyeji Kigali na ya kushangiliwa na watu wao. Lakini kelele za mashabiki hazikufundishi kumkaba mtu.

Kenya imetoa ushahidi upande wa pili. Nairobi City Thunder ilipata wawekezaji wapya, ikaajiri kocha kutoka Marekani, Brad Ibs, ikaitawala ligi ya Kenya, na mwaka 2025 ikawa klabu ya kwanza ya nchi hiyo kucheza BAL. Ilipangwa kanda ya Nile, safari hii michezo ikiwa Kigali, na ikaishia kwenye makundi. Hadithi ya Kampala imerudiwa Nairobi karibu neno kwa neno: mlango mmoja wa fedha, timu moja juu ya ligi nzima, kisha ukuta. Jambo likitokea mara mbili katika miji miwili, hatuwezi tena kumlaumu kocha mmoja au safari moja mbaya.

Kutoka Nateete hadi Lugogo

Swali la mechi ngumu lina ndugu yake: wachezaji wa kuzifanya mechi hizo ziwe ngumu watatoka wapi? Kulijibu, tuondoke Lugogo twende magharibi ya jiji.

Nateete iko katika Divisheni ya Rubaga, kando ya Barabara ya Masaka. Malori na mabasi ya magharibi huingilia hapo, soko limebanana na kituo cha teksi, na watu wa kila lugha wamepanga vyumba, wakiwamo Wakongo na Warundi ambao Kiswahili chao husikika sokoni sambamba na Kiganda. Ni mtaa wa watu wengi vijana. Shabiki wa hapo anayetaka kuwaona Oilers jioni ya siku ya kazi hupanda teksi ya abiria 14, akapita Ndeeba na Katwe kwa mwendo ambao foleni itaamua, akashuka mjini, akatafuta nyingine ya Barabara ya Jinja hadi Lugogo. Mchezo ukiisha usiku, teksi zimepungua na kilichobaki ni boda boda kwa bei ya usiku. Nauli hizo kwa jumla zinaweza kumsumbua kuliko tiketi ya mlangoni. Kibanda cha video kilicho hatua chache na chumba chake kinamwonyesha Arsenal kwa fedha kidogo, na Arsenal haina foleni.

Upo mzaha mchungu ndani yake. Jezi ya Arsenal inayovaliwa Nateete ilianza 2018 kubeba begani tangazo la utalii wa Rwanda, na tangazo hilohilo lipo kwenye jezi za BAL. Jirani ameingia katika kibanda cha video na katika uwanja wa kikapu kwa mkupuo mmoja. Nguvu ya tangazo hilo ilionekana Machi 2024 mjini Pretoria, pale Dynamo ya Burundi ilipokataa kulivaa kwa sababu ya uhasama wa serikali mbili hizo, ikanyang'anywa mechi na kuondolewa mashindanoni ilhali ilianza kwa ushindi. Msimu wa timu unaweza kuzikwa na kitambaa kifuani, mpira ukiwa haujahusika kabisa.

Turudi Nateete. Kandanda inaota popote palipo na uwazi: mawe mawili ya goli, mpira wa kushonwa kwa mifuko, na mchezo umeanza. Kikapu kinadai zaidi. Uwanja kamili ni meta 28 kwa 15 za sakafu ngumu na sawa, na pete ya chuma iliyofungwa meta 3.05 kutoka chini kwa namna ambayo haitang'oka kijana wa kwanza akiining'inia. Katika mtaa ambao kila futi ya ardhi ina mpangaji, sakafu ya namna hiyo inapatikana ndani ya ukuta wa taasisi. Mchezo huu ulibuniwa 1891 katika shule ya YMCA nchini Marekani, na hapa Kampala YMCA ya Wandegeya bado ni miongoni mwa nyumba zake. Vyuo na shule ndio wenye viwanja vingine. Nateete yenyewe ina historia ndefu ya shule na misheni: mmisionari Alexander Mackay wa CMS, aliyefika Buganda 1878, aliishi na kufanya kazi hapo, na jina lake limebaki kwenye shule. Lakini geti la shule hufungwa jioni, na aliyeshindwa ada hubaki nje ya geti na nje ya mchezo pia.

Ndiyo maana ligi ya Uganda imejaa vyuo vikuu. Njia ya kawaida ya mchezaji ni sekondari yenye uwanja, kisha chuo kinachomsamehe ada kwa sababu ya kipaji, kisha klabu. Njia hiyo imetoa watu wazuri, lakini ni nyembamba. Kijana mrefu wa Nateete anayebeba magunia sokoni hana mahali pa kuonekana.

Kijana wa Kawempe

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kinachopotea. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akaletwa Uganda akiwa mdogo na kukulia Kawempe, kaskazini ya Kampala, mtaa ambao mkazi wa Nateete angeutambua kama ndugu wa mtaa wake. Alikuwa na miaka 13 hivi alipoanza kucheza, mwaka 2019. Urefu wake ulionekana njiani na watu wakamwambia ajaribu kikapu. Kipaji chake kikachukuliwa na chuo cha NBA cha Afrika kilichoko Saly, Senegali. Akacheza BAL akiwa na Cobra Sport ya Sudan Kusini, kisha AS Douanes ya Senegali, na mwaka 2024 akavaa jezi ya City Oilers kwa mpango unaoruhusu kila klabu kupewa kijana mmoja wa chuo hicho.

Miezi michache baadaye, akiwa na miaka 17, alikuwa Olimpiki ya Paris na timu ya Sudan Kusini. Akaenda Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi katika uteuzi wa NBA, akaishia Phoenix Suns. Mtu wa meta 2.18 aliishi ndani ya Kampala, na klabu kubwa ya Kampala ilimpata kwa mzunguko wa Senegali, kwa mkopo wa mashindano tu. Wapo watakaosema ni bahati kwamba alivaa jezi hiyo hata mara moja. Mimi naona ni hesabu ya mfumo usio na macho mitaani. Aliyemwona kwanza alikuwa mpita njia.

Pingamizi mbili

Msomaji makini atanikatiza hapa kwa mambo mawili, na yote mawili yana uzito.

La kwanza ni timu ya taifa. Mwaka 2021, ligi ya nyumbani ikiwa imefungwa na korona, Uganda ilikwenda AfroBasket mjini Kigali, ikaifunga Nigeria 80 kwa 68 na kufika robo fainali, mafanikio ambayo haikuwa imeyafikia kabla. Ikiwa mechi ngumu za nyumbani ndizo dawa, mbona timu ilipaa mwaka ambao hazikuwepo kabisa? Jibu liko kwenye orodha ya wachezaji. Alikuwamo Ishmail Wainright, ambaye baada ya hapo alijiunga na Phoenix Suns. Walikuwamo Adam Seiko na Arthur Kaluma, ndugu waliokulia Marekani. Mechi ngumu za watu hawa zilichezwa kwingine, kwenye vyuo na ligi za ng'ambo. Hoja inabaki palepale: makali yalinunuliwa mahali penye ushindani, ila mahali hapo hapakuwa Uganda.

La pili ni Sudan Kusini. Nchi isiyo na ligi ya kutisha wala ukumbi wa kujivunia ilifuzu Olimpiki kupitia Kombe la Dunia la 2023, ikapoteza kwa Marekani 101 kwa 100 mchezo wa kujipima London Julai 2024, kisha ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 kwenye Olimpiki yenyewe. Luol Deng aliyejenga timu hiyo aliwakusanya watoto wa wakimbizi waliotawanyika kutoka Australia hadi Marekani. Lakini timu ya taifa inaweza kukusanya damu yake popote ilipo, kwa wiki sita za kiangazi. Klabu haiwezi. Klabu ina nafasi chache za wageni, na nyingine zote lazima izijaze kwa watu waliolelewa na ligi yake. Njia ya Deng inaipeleka Uganda AfroBasket. Haiwavushi Oilers makundi ya Cairo.

Kuhusu ukumbi, tusidanganyane kwamba saruji inafunga pointi, lakini tusidanganyane pia kwamba haina kazi. Kigali ilifungua ukumbi wake wa watu 10,000 Agosti 2019, na kampuni iliyoujenga, Summa ya Uturuki, ndiyo iliyojenga pia ule wa Dakar wa watu 15,000. Summa hiyohiyo ilipokuja Uganda ilipewa kujenga Hoima, uwanja wa kandanda kwa ajili ya AFCON ya 2027. Serikali imechagua mchezo wa kuufadhili, na hilo ni haki yake. Ila mradi Kampala inategemea ukumbi wa Lugogo unaogombaniwa na kila mchezo na kila tamasha, haitaona kanda ya BAL ikichezwa mlangoni pake. Kijana wa Nateete ataendelea kuwaona Petro kwenye simu.

Kifanyike nini

Kwanza, kalenda. Bingwa wa Uganda asiachwe bila mechi ya maana kuelekea BAL. Kampala hadi Kigali ni kama kilomita 500 kwa barabara, na hadi Nairobi ni kama 650: basi la usiku mmoja. Ndani ya duara hilo wapo APR, REG, Patriots, Thunder na klabu za Burundi, na ukisogea kidogo wapo wa Dar es Salaam na wa mashariki ya Kongo. Mashindano ya nyumbani na ugenini kati ya mabingwa na washindi wa pili wa nchi hizi, kuanzia Januari hadi Machi, yangewapa wote mechi ambazo ligi zao haziwezi kuwapa. Shirikisho la Uganda, FUBA, lipo tangu 1963, na majirani wote wana mashirikisho yao. Kinachohitajika ni ratiba na wadhamini, na wadhamini huenda penye mchezo usiojulikana utaishaje.

Pili, ligi yenyewe ijilinde. Kanuni za usajili zinazopunguza uwezo wa klabu moja kukusanya timu nzima ya taifa zitaonekana kama adhabu kwa Oilers, lakini Oilers ndio watakaofaidi kwanza. Wafadhili wapya waelekezwe kwa klabu ya pili, ya tatu na ya nne. Shilingi inayompa bingwa mgeni wa tano haimsaidii kitu, ila shilingi hiyohiyo ikimlipa mlinzi mzuri wa timu pinzani inamnoa bingwa kwa msimu mzima.

Tatu, sakafu za mitaani. Uwanja mmoja wa wazi Nateete, mwingine Kawempe, mwingine Bwaise, vyenye pete imara, taa na mtu wa kuvisimamia jioni, vingegharimu sehemu ndogo sana ya ukumbi wa watu 10,000. Shule zenye viwanja zinaweza kuanza kesho kwa kufungua geti siku za Jumapili. Makocha wa ligi wakipita huko mara moja kwa mwezi, hakutakuwa na haja ya kusubiri mpita njia.

Hata hayo yakifanyika, matunda hayatakuja msimu ujao, na Oilers au yeyote atakayewarithi anaweza kufungwa tena Cairo, Kigali au Pretoria. Kwa hiyo tubadilishe kipimo. Tusiuhukumu msimu wa bingwa wetu kwa kombe la nyumbani, ambalo tumeshaliona mara nyingi, wala kwa nafasi yake katika kundi la BAL peke yake. Tuhesabu usiku ambao Lugogo iliingia dakika mbili za mwisho bila mtu kujua mshindi. Msimu utakaokuwa na usiku wa namna hiyo wa kutosha utampeleka bingwa ugenini akiwa tayari, hata kama bingwa huyo hataitwa Oilers.